Ngalawa: Chombo Kilichofungwa kwa Kamba

Wasikilizaji wangu, huenda mtu wa Matombo au wa Mgeta akauliza: sisi tu watu wa milimani, ngalawa yatuhusu nini? Swali hilo ni la haki, na wanafunzi wangu wa ualimu hapa Morogoro huniuliza kila mwaka. Jibu la kwanza liko mtoni. Maji yashukayo Uluguru huingia katika mto Ruvu, nao Ruvu humwaga baharini karibu na Bagamoyo, ambako wavuvi hutweka matanga yao alfajiri. Jibu la pili liko katika dhoruba moja. Tarehe 15 Aprili mwaka 1872 tufani kubwa ilipiga Unguja na Bagamoyo. Vyombo vingi vilivyokuwa bandarini vilizama au vilitupwa pwani, merikebu za Sultani Barghash zikiwa miongoni mwao, na mikarafuu isiyo na idadi iling'olewa. Wakati ule ule mafuriko ya mto Ngerengere yalibomoa ukuta na nyumba za mji wa Simbamwene, ulio mzazi wa Morogoro yetu; naye Stanley, akirudi pwani baada ya kuonana na Livingstone, aliyaona magofu yake. Bahari na mlima vilipigwa pamoja.

Basi tushuke na mto hata pwani, tukatazame chombo kimoja kidogo.

Ngalawa ni mtumbwi wa gogo moja, mwembamba sana. Mtumbwi wa namna hiyo peke yake haustahimili tanga; upepo ukiusukuma, mara hupinduka. Kwa hiyo hulazwa miti miwili juu yake, mmoja karibu na omo na mmoja karibu na tezi, nayo hutokeza nje kushoto na kulia kama mikono. Mwisho wa mikono hiyo hufungwa mirengu, yaani mbao mbili ndefu zilizochongwa nyembamba. Mirengu haikai bapa kama meza. Hukaa mshazari, hata chombo kikilala upande mmoja, ubao wa upande ule hukata maji, na maji yenyewe huuinua. Kadiri chombo kiendavyo mbio ndivyo ubao uinuliwavyo zaidi. Mimi nimekwisha kuitazama mirengu mara nyingi, wala sijachoka kustaajabia akili ya mtu wa kwanza aliyeilaza hivyo.

Mtu huyo alikuwa nani? Kitabu cha Kiyunani cha karne ya kwanza, kiitwacho Periplus, chataja vyombo vya kushonwa na mitumbwi ya gogo moja katika pwani hii, watu wakivulia samaki na kasa. Mirengu hakiitaji. Wataalamu wengi waamini kwamba ililetwa baadaye na mabaharia wa visiwa vya mashariki ya mbali, ndio mababu wa Wamalagasi, ambao lugha yao hata leo ni ndugu ya lugha za kisiwa cha Borneo. Mwaka 2016 wachunguzi walitangaza kwamba katika vijiji vya kale vya Komoro na Madagaska zimefukuliwa mbegu za mpunga wa Asia na choroko, za karne ya 8 hadi ya 10. Na huko Komoro chombo chetu huitwa galawa. Hata ndizi iliyo mgombani kwako Matombo asili yake ni upande ule wa bahari, ingawa wataalamu wabishana juu ya wakati ilipofika. Lakini msidhani kwamba watu wa pwani waliiga tu. Kule mashariki mirengu mingi ni ya mianzi ielelayo. Ubao wa mshazari ni namna ya huku kwetu.

Sasa nije kwenye jambo nililolikusudia hasa. Watamili wa kusini ya India wana neno kattumaram, maana yake miti iliyofungwa. Wazungu walilichukua neno hilo wakaita kwalo chombo chenye miili miwili. Neno hilo lafaa pia kwa ngalawa, kwa kuwa uhai wake haumo katika gogo wala katika tanga, bali katika vifungo. Mikono hufungwa kwenye mtumbwi kwa kamba, na mirengu hufungwa kwenye mikono kwa kamba. Mgeni aonaye hivyo hucheka, akauliza mbona hawapigi misumari. Wako waliopiga. Msumari wa chuma hula kutu katika maji ya chumvi, nao ubao hupasuka pale pale ulipotobolewa. Tena kila wimbi huinua mrengu mmoja na kushusha wa pili. Kiungo kisichokubali kucheza kidogo lazima kivunje kitu. Kamba hukubali. Mwaka 1876 Mmarekani Nathanael Herreshoff aliunda chombo cha miili miwili kiitwacho Amaryllis, akakitia viungo vya kuchezacheza ili kila mwili ufuate wimbi lake. Kilivishinda vyombo vya matajiri huko New York, hata wakakikataza mashindanoni. Wavuvi wa Bagamoyo hawakuwa na habari zake, nao hawakuzihitaji.

Kamba ya zamani ni ya makumbi ya nazi. Makumbi huzikwa katika mchanga wenye maji kwa miezi, kisha hupondwa na kusokotwa, kazi ambayo Unguja hufanywa hasa na wanawake. Siku hizi wengi hutumia nailoni, au mipira ya magari iliyokatwa vipande virefu. Nailoni ina nguvu, lakini huteleza fundoni. Kwa vyovyote, kabla ya kusukuma chombo majini, mwenye ngalawa hushika mwisho wa kila mkono na kuutikisa. Kifungo kikilia, au kikipitisha kidole, asikikaze juu juu. Akikate chote, afunge upya. Maana mrengu wa upande wa chini ukichomoka katikati ya upepo, hakuna nafasi ya kushusha tanga. Chombo hulala mara moja, na watu wa mbali na pwani hufa.

Juu ya tanga nitasema machache. Mlingoti ni mfupi. Foromali, ambayo ndiyo hushika tanga, ni ndefu kuliko mlingoti, na aghalabu ni ya mwanzi, au ya vipande viwili vilivyounganishwa kwa kamba. Tanga la pembe tatu hupandishwa kwa henza, na mwisho wa henza hufungwa upande utokao upepo, upate kuwa tegemeo la mlingoti. Kamba ya kona ya nyuma, demani, hushikwa mkononi. Mwenye kuifunga moja kwa moja ili apumzike, dhoruba ya ghafula ikija hataiwahi.

Chombo kikiwa majini siku nyingi hushika mwani na makombe, na wadudu watoboao mbao huingia. Basi wakati wa maji makuu hupandishwa juu pwani, kikalazwa juu ya magogo, kikakwanguliwa na kukaushwa. Kisha fundi huwasha makuti makavu na kupitisha moto upesi chini ya tumbo lake, wadudu wafe na gogo lisiungue. Kazi hiyo haifai kuachiwa watoto. Halafu hupaka deheni, chokaa iliyochanganywa na mafuta, sehemu ikaayo majini, na sifa, mafuta ya papa, sehemu nyingine. Ufa hukalafatiwa kwa pamba iliyolowekwa mafuta, ikisukumwa kwa patasi butu. Mahali palipooza hukatwa mpaka ubao mzima uonekane, ndipo kiraka kitiwe. Kiraka juu ya uozo hushika majuma machache tu.

Tabu kubwa ya leo ni gogo lenyewe. Mti upendwao ni mwembe, ambao nao ulitoka India, kwa kuwa ni mnene na mwepesi kuchonga. Lakini huoza upesi, na miembe mikubwa imepungua. Bara kuna mvule na mkangazi, na tangu reli ya kutoka Dar es Salaam ilipofika Morogoro mwaka 1907 safari ya mbao kwenda pwani imekuwa nyepesi. Hata hivyo msitu wa juu ya Uluguru, ambao tangu 2008 ni hifadhi ya mazingira asilia, ndio ushikao maji ya Ruvu, na Dar es Salaam hunywa maji hayo. Sioni kwamba itafaa kuukata ili kuponya ngalawa.

Kwa hiyo mafundi kadha wa kadha pwani wameanza kuunda tumbo la ngalawa kwa mbao nyembamba badala ya gogo. Tumbo hilo hupigwa misumari kama mashua. Mikono na mirengu bado huifunga kwa kamba.