Uzi Uliofichua Siri za Moyo

Weka vidole vyako juu ya kifundo cha mkono, penye mshipa, nawe utasikia mapigo ya moyo wako. Kila pigo hutanguliwa na umeme mdogo mno, ambao huenea mwilini hata ukafika kwenye ngozi. Habari ya umeme huo ndiyo nitakayokusimulia, kwani kwayo madaktari walijifunza kutambua ni mgonjwa yupi wa moyo aliye karibu na kifo.

Mwaka wa 1887, mjini London, Augustus Waller aliuchora umeme wa moyo wa binadamu bila kumpasua kifua, naye alikuwa wa kwanza kufanya hivyo. Alipotaka kuwaonyesha watu jambo hilo alimtumia mbwa wake, Jimmy, aliyesimama kimya huku miguu yake imo ndani ya maji ya chumvi. Mwaka wa 1909 habari hiyo ilifika hata Bungeni, ikaulizwa kama mbwa yule hakuteswa! Waller mwenyewe hakutazamia kwamba michoro ya namna hiyo ingetumiwa sana hospitalini. Hapo alikosea.

Willem Einthoven, Mholanzi aliyezaliwa Semarang katika kisiwa cha Java mwaka wa 1860, ndiye aliyetengeneza chombo cha kuaminika, mwanzoni mwa karne ya 20, katika mji wa Leiden. Kiini chake kilikuwa uzi wa kwatzi, mwembamba kuliko unywele, uliopakwa fedha na kutungikwa kati ya ncha za sumaku kubwa. Umeme wa moyo ulipopita, uzi ulitikisika, na kivuli chake kikapigwa picha. Lakini usidhani kilikuwa chombo cha kubebwa mkononi: kilikuwa na uzito wa kilo 270 hivi, na watu watano walihitajiwa kukiendesha. Basi mwaka wa 1905 Einthoven aliuleta umeme wa mioyo ya wagonjwa kwa waya wa simu, kutoka hospitali iliyokuwa umbali wa kilomita moja na nusu. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1924.

Bado lilisalia fumbo kubwa zaidi. Madaktari wengi waliamini kwamba damu ikiganda na kuziba mshipa unaoulisha moyo, mtu hufa papo hapo. Mwaka wa 1912 James Herrick wa Chicago aliandika kuwa sivyo, kwamba wengine hupona. Wachache walimsikiliza. Mwaka wa 1920 Harold Pardee wa New York alieleza alama aliyoiona kwa mgonjwa aliye hai: baada ya ncha kuu ya pigo, mstari ambao kwa kawaida hurudi chini ulibaki umeinuka.

Mstari ukiinuka katika sehemu nyingi za mchoro, kwa kawaida kipande kikubwa cha moyo kimo hatarini. Bonde pana likichimbika mwanzoni mwa pigo, mara nyingi nyama ya mahali hapo imekwisha kufa. Mwaka wa 1986 uchunguzi uliofanywa Italia kwa wagonjwa zaidi ya 11,000 ulionyesha kwamba dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ilipunguza vifo, hasa kwa waliopewa mapema. Lakini wale ambao mstari wao ulishuka badala ya kuinuka hawakupata faida hiyo. Waona jinsi milimita chache, juu au chini, zinavyoamua tiba?

Hata hivyo mchoro wa kwanza waweza kudanganya. Mtu huja ameshika kifua, jasho likimtoka, na mstari wake ukaonekana wa kawaida kabisa. Ndiyo sababu daktari mwangalifu hamrudishi nyumbani. Humpima damu, na baada ya muda mfupi huuchora moyo wake tena.