Mgeni wa Mara na Swali la Asili

Mgeni anayezuru mkoa wa Mara huja na matarajio yake. Ameambiwa kwamba Butiama ataona chimbuko la Mwalimu, kwamba Bunda na Musoma ataona masoko, mitumbwi na wavuvi, na kwamba kote huko atakutana na "utamaduni wa asili." Neno hili "asili" ndilo ninalotaka tulitafakari. Hoja yangu ni kwamba karibu kila kitu ambacho mgeni huyu huonyeshwa kama asili ya Mara kina tarehe yake ya kuingia, kina waliokileta, na mara nyingi kina serikali iliyokiamuru. Kulijua hilo kuna faida ya kisiasa.

Tuanze na Bunda, kwa kuwa anayetoka Mwanza kwa barabara hufika hapo kwanza. Mashariki mwa mji ndiko waliko Waikizu. Masimulizi yao ya chimbuko humtaja Nyakinywa, mwanamke mvuta mvua aliyetoka Kanadi, Usukumani, na Isamongo, mwindaji aliyemkuta katika nchi hiyo. Mwanamke alimiliki mvua, mwanamume alimiliki moto. Wawili hao walipatana, na katika mapatano yao ukazaliwa utemi wa Ikizu. Wanahistoria wanaweza kubishana juu ya undani wa simulizi hili, lakini tuzingatie linachokiri: Waikizu wanapoeleza walikotoka, humweka mgeni katika kiini cha jamii yao, tena mgeni mwanamke aliyekuja na elimu ambayo mwenyeji hakuwa nayo.

Soko la Bunda nalo lina historia ya namna hiyo. Udaga unaopimwa kwa debe unatokana na muhogo, zao lililovuka bahari kutoka Amerika. Pamba, ambayo wazee wengi wa eneo hili huihesabu kama zao la babu zao, ilisukumwa kwa wakulima na tawala za kikoloni zilizohitaji malighafi na kodi. Njia ya magharibi inayokwenda Kibara na Kisorya, kisha kwa kivuko hadi Ukerewe, inatukumbusha kwamba ziwa hili limeunganisha watu zaidi ya lilivyowatenga. Wajita, Wakara na Wakerewe wana jamaa pande zote mbili za maji.

Kutoka Bunda mgeni hufika Butiama. Pale Mwitongo lipo kaburi la Mwalimu Nyerere, na karibu yake Makumbusho yaliyofunguliwa 1999, mwaka aliofariki. Jina Mwitongo lenyewe linabeba maana ya mahame, mahali palipokuwa na makazi ya kale. Hata majina ya wenye mji ni kumbukumbu. Inasimuliwa kwamba baba yake Mwalimu, Burito, alipewa jina la Nyerere kwa sababu alizaliwa wakati viwavi walipovamia nchi. Na Mwalimu mwenyewe, aliyezaliwa 1922, aliitwa Kambarage kwa sababu siku hiyo mvua ilinyesha, na hilo ni jina la mzimu unaohusishwa na mvua.

Burito alikuwa chifu kuanzia 1915 hadi alipofariki mwaka 1942, na mgeni huambiwa hivyo kana kwamba uchifu ule ulikuwapo tangu enzi na enzi. Ukweli ni kwamba Wazanaki wa kale hawakuwa na mtawala mmoja. Mambo yao yaliamuliwa na wazee, marika na wavuta mvua. Ni Wajerumani waliohitaji mtu wa kumwamuru, wa kukusanya kodi na kutoa vibarua, nao Waingereza wakauendeleza mpango huo chini ya utawala usio wa moja kwa moja. Kwa hiyo kiti cha uchifu kina umri unaokaribiana na ule wa boma la mkoloni. Mwaka 1963, serikali iliyoongozwa na mwana wa Burito iliondoa mamlaka ya machifu nchi nzima. Aliyekulia katika nyumba ya chifu alijua jinsi taasisi hiyo ilivyotengenezwa, na nadhani ndiyo maana hakuogopa kuivunja.

Safari huishia Musoma, mji ambao Kambarage aliingia mwaka 1934 kuanza shule pale Mwisenge. Leo asubuhi katika mwalo wa Mwigobero, boti huwasili kutoka Kinesi, dagaa huanikwa, na lugha hubadilika kila hatua chache: Kijita, Kikwaya, Kijaluo, Kikurya, na Kiswahili kinachowapatanisha wote. Mgeni hupiga picha na kuandika kwamba haya ndiyo maisha ya kale ya ziwani.

Lakini amtazame sangara. Samaki huyu hakuwapo. Alipandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa kazi iliyofanyika zaidi upande wa Uganda, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amelitawala ziwa, huku aina nyingi za furu zikitoweka. Viwanda vikajengwa, minofu ikasafirishwa Ulaya, na wenyeji wakabaki na mapanki, yaani kichwa na mifupa. Mtoto aliyezaliwa Musoma mwaka 1990 amekua akijua kwamba mapanki ya kukaanga ni chakula cha kwao. Taa zinazovuta dagaa katika usiku wa giza nazo zimebadilika, kutoka karabai hadi taa za sola. Mwaka 2018 serikali iliendesha Operesheni Sangara, na nyavu haramu zikateketezwa kwa moto. Kizazi kimoja cha maofisa kilimleta samaki. Kizazi kingine kikamwadhibu mvuvi kwa jinsi anavyomvua.

Kwa nini haya yana uzito? Kwa sababu neno "asili" hutumika kugawa haki. Hutumika kuuliza nani mwenyeji wa mwalo, nani anastahili meza sokoni, nani agombee na nani arudi kwao. Katika mkoa wenye makabila mengi kama huu, swali hilo limewahi kumwaga damu baina ya koo na koo. Hutumika pia katika mipango ya utalii: kiti cha chifu kinahifadhiwa, ilhali mama muuza dagaa huonekana uchafu wa kuondolewa ili mandhari ya ufukwe ipendeze.

Kwa watumishi wa halmashauri ninasema: mwalo na soko ni sehemu ya urithi, na wanaofanya kazi humo washirikishwe kabla ramani haijachorwa. Kwa wanafunzi wangu: nendeni Mwigobero na Nyamuswa na madaftari, mkaulize kila kitu kilifika lini na kililetwa na nani. Wazee wanaokumbuka ziwa kabla ya sangara wanapungua kila mwaka, na simulizi zao hazimo katika kabati lolote la makumbusho.