Mkate na Kitunguu: Jamaa ya Askari Baada ya Vita vya Hispania



Tumezoea kuhesabu vita tangu risasi ya kwanza hadi tangazo la mwisho. Kwa hesabu hiyo, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania vilianza Julai 1936, majenerali walipoinuka dhidi ya serikali ya Jamhuri, vikaisha tarehe 1 Aprili 1939, Jenerali Francisco Franco alipotangaza ushindi. Lakini kwa jamaa nyingi za askari walioshindwa, bunduki zilinyamaza na mateso yakaendelea. Tutazame jamaa moja.

Miguel Hernández alizaliwa mwaka 1910 huko Orihuela, mji wa kusini-mashariki mwa Hispania. Alichunga mbuzi za baba yake. Alisoma kwa muda kwa mapadri Wajezuiti, kisha baba akamtoa shuleni arudi machungani. Hata hivyo akawa mshairi mashuhuri. Vita vilipoanza alijiunga na jeshi la Jamhuri. Machi 1937 alimwoa Josefina Manresa, binti mshonaji wa nguo, kwa ndoa ya serikali.

Josefina alikuwa tayari amevaa nguo za msiba. Baba yake, askari wa Guardia Civil, aliuawa Agosti 1936 na wanamgambo wa upande wa Jamhuri, yaani upande ule ule ambao mumewe aliutumikia. Mama yake naye alifariki wiki chache baada ya arusi. Mtoto wao wa kwanza alikufa mwaka 1938, kabla hajatimiza mwaka mmoja. Wa pili, Manuel Miguel, alizaliwa Januari 1939, miezi mitatu kabla ya kushindwa kwa Jamhuri.

Vita vilipoisha, Miguel alivuka mpaka kuingia Ureno. Polisi wa huko wakamkamata na kumrudisha. Aliwekwa gerezani Madrid, na huko akapokea barua ya mkewe: hakuwa na chakula ila mkate na kitunguu, naye alikuwa akinyonyesha. Mfungwa hakuwa na kitu cha kumpelekea mwanawe. Akamtungia shairi la kumbembeleza, juu ya kitunguu na njaa, ambalo leo linajulikana kote ulimwenguni penye wasomaji wa Kihispania.

Septemba 1939 aliachiliwa, akarudi kwao kuwaona mke na mtoto. Kabla mwezi haujaisha alikamatwa tena, mjini mwake mwenyewe. Januari 1940 baraza la kijeshi lilimhukumu kifo kwa kosa la kuunga mkono uasi. Tuangalie jambo hilo vizuri: walioinuka dhidi ya serikali waliwahukumu walioitetea, na kosa wakaliita uasi. Baadaye hukumu ikabadilishwa kuwa kifungo cha miaka 30.

Hakuwa peke yake. Mwishoni mwa mwaka 1939, hesabu ya serikali yenyewe ilionyesha wafungwa zaidi ya 270,000. Wala adhabu haikuishia kwa mfungwa. Sheria ya Februari 1939 iliwatoza faini na kuwanyang'anya mali watu walioiunga mkono Jamhuri. Mhusika akifa, deni liliwashukia warithi. Ndoa za serikali zilizofungwa chini ya Jamhuri hazikutambuliwa tena kwa Wakatoliki. Basi Josefina, mbele ya sheria, hakuwa mke, na mwanawe hakuwa mtoto wa ndoa.

Miguel alihamishwa kutoka gereza hadi gereza, kisha akaletwa Alicante, karibu na watu wake. Kifua kikuu kilikuwa kinamla. Tarehe 4 Machi 1942, akiwa kitandani katika chumba cha wagonjwa cha gereza, walifunga ndoa ya Kanisa ili mjane na yatima wawe na haki yao. Tarehe 28 mwezi huo huo alikufa, akiwa na umri wa miaka 31.

Josefina alimlea mtoto kwa sindano yake, huku akizificha karatasi za mumewe zisipotee. Alizilinda kwa miaka mingi ya utawala wa Franco, uliodumu hadi mwaka 1975. Mwaka 2022 sheria mpya ya Hispania ilitamka kwamba hukumu za mabaraza yale ni batili. Josefina alikuwa amefariki tangu mwaka 1987.

Na Kanisa je? Katika vita hivyo mapadri na watawa karibu 7,000 waliuawa katika maeneo ya Jamhuri. Jeraha hilo lilikuwa la kweli, na wengi wao tunawaheshimu kama wafiadini. Lakini kwa miaka mingi Kanisa la Hispania lilisimama karibu na washindi. Liliwalilia wafu wake, na kilio cha jamaa za wafungwa halikukisikia vya kutosha. Septemba 1971, maaskofu na mapadri walikutana Madrid. Lilipigiwa kura azimio la kuomba msamaha kwa kuwa hawakuwa daima watumishi wa upatanisho kati ya ndugu. Walio wengi walikubali, lakini kura hazikufikia theluthi mbili zilizohitajika. Azimio halikupita, ila neno lilikuwa limekwisha kutamkwa hadharani.

Josefina alizikwa baba na upande mmoja, mume na upande mwingine. Kama angetakiwa kulilia wafu wa upande mmoja tu, angemkana baba au angemkana mume. Amani inayomtaka mtu achague hivyo ni ushindi tu. Bado si upatanisho.

Kwa mazungumzo ya kikundi:
1. Katika mtaa au kijiji chetu, ni jamaa gani inayobeba lawama ya kosa la mtu mwingine?
2. Tunapowaombea marehemu wa vita, ni wafu gani ambao hatujawahi kuwataja?