Matope ya Lukuga: toka macho ya Stanley mpaka mwangwi

Wandugu, sisi wa Kalemie tunavuka daraja la Lukuga bila hata kuangalia chini. Na kumbe ule mto ndio mlango pekee wa ziwa Tanganyika, na matope ndiyo yanaufunga.

Mwezi wa tano 1874 Cameron alifika hapa, akaandika kwamba maji yanatoka. Mwaka 1876 Stanley akakuta mafunjo na tope, maji hayaendi popote. Akasema ziwa likizidi kupanda litapasua. Mwaka 1879 mmisionari Hore akakuta maji yanakimbia kwa nguvu. Kule Ulaya wakabishana nani mkweli. Mimi naona wote watatu. Maji mengi ya ziwa yanapotea kwa mvuke, machache tu yanapita Lukuga. Ziwa likishuka, mkondo unakufa, vijito vya pembeni vinamwaga udongo mlangoni, majani yanaota juu yake. Mlango ulipopasuka, ziwa lilishuka mita kadhaa.

Lakini wale wote walipima matope kwa macho. Leo kuna chombo kinachotuma sauti ndani ya maji: chembe za udongo zinairudisha, na nguvu ya mwangwi inaonyesha wingi wake. Kwenye mto Congo watafiti wa Chuo Kikuu cha Kinshasa na wenzao wamekwisha kupima mikondo kwa vyombo vya namna hiyo. Shida ni kwamba mchanga na udongo laini, hata vikiwa na uzito sawa, havirudishi sauti sawasawa. Ndipo kompyuta inafundishwa: unaipa mwangwi pamoja na uzito wa kweli wa udongo, uliochujwa, ukakaushwa, ukawekwa kwenye mizani, nayo inatafuta uhusiano wenyewe. Ile iliyojifunza kwenye mto wa mchanga itatudanganya vizuri sana kwenye tope la Lukuga, tena kwa tarakimu nzuri!

Kwa mtu wa kilimo kama mimi, tope hilo ni shamba la mtu huko mlimani. Na mwaka 2024, ziwa lilipopanda, watu hapa mjini waliachia maji nyumba zao. Kujua mlango unajaa kiasi gani si anasa ya maabara. Chombo ni ghali, kweli. Ila chupa, karatasi ya kuchujia na mizani tunaweza kuvipata, na mvua zinaanza mwezi wa kumi.