Panga la Bibi na Vita vya Migomba

Jumamosi nilipita soko la Mabibo kununua ndizi, nikamkuta kijana anapasua moja ili mteja ajiridhishe. Ndani ilikuwa nyeupe, safi. Nikakumbuka ndizi nyingine, ya kibanjani kwa bibi kule Muleba, nikiwa darasa la kwanza. Ile ilikuwa imeiva kabla ya wakati, ndani ina rangi ya kahawia. Bibi aliitazama, akaitupa, hakusema kitu.

Kule Kagera wanauita unyanjano. Mabwana shamba wanauita mnyauko bakteria. Wengi wetu wa mjini tunadhani mmea unaliwa na wadudu tu, hauugui. Tusijione wajinga sana, hata wasomi walibisha. Mnamo 1880 hivi, Thomas Burrill wa Illinois, Marekani, alieleza kwamba bakteria ndio wanaoua miti ya peasi. Karibu miaka 20 baadaye Mjerumani Alfred Fischer alikuwa bado anabishana na Mmarekani Erwin Smith, akidai bakteria hawawezi kuuangusha mmea wenye afya. Smith ndiye aliyekuwa sahihi.

Huyu bakteria wetu, Xanthomonas, alielezwa na watafiti Ethiopia mwaka 1968 kwenye enseti, ndugu wa mgomba. Mwaka 1974 akaripotiwa kwenye migomba huko huko. Kisha kimya. Mwaka 2001 akaibuka Uganda, wilaya ya Mukono, na mwaka huo huo akaonekana Masisi, mashariki mwa Kongo. Rwanda ikafuata, mwaka 2006 ikawa zamu ya Kagera na Kenya, na mwaka 2010 Burundi.

Alisafiri vipi? Nyuki na wadudu wengine wanaofuata utamu kwenye ua dume walimbeba. Sisi pia tulimbeba. Panga lililokata mgomba mgonjwa lilikwenda moja kwa moja kwenye mgomba mzima, na machipukizi tuliyopeana kwa upendo yalikwenda na ugonjwa ndani yake.

Sasa, mgomba haujilindi? Unajilinda sana. Mmea hauna damu wala askari wa kuzunguka mwilini, hivyo kila seli ni mlinzi wa nyumba yake. Seli ina vipokezi vinavyotambua vipande vya bakteria, kwa mfano protini ya mkia wake. Ikishtuka, inaimarisha ukuta wake na kumwaga kemikali kali. Ikizidiwa, inajiua ili adui asipate pa kuishi.

Lakini bakteria wa aina hii wana kifaa kama bomba la sindano. Wanaichoma seli na kuiingizia protini zinazozima king'ora. Mwizi hakuvunja mlango, amemlevya mlinzi! Mwaka ule ule wa 2006, watafiti wa Marekani walionyesha kwamba majani hufunga vitundu vyake vya kupumulia yakihisi bakteria, na kwamba bakteria mmoja aitwaye Pseudomonas ana sumu ya kuvifungua tena. Huyu wa migomba ana njia fupi zaidi: anaingia kwenye kidonda au kwenye ua, anafika kwenye mishipa ya maji na kuiziba. Mgomba unanyauka, na ukiukata unatoa ute wa njano.

Bibi aliambiwa ang'oe shina zima na watoto wake wote. Kwa ekari moja inayolisha watu tisa, hiyo ni sawa na kuambiwa ufunge jiko. Aling'oa. Nilimwona akikaa kwenye kizingiti jioni ile, panga pembeni, na mwaka huo tulikula mihogo mpaka tukaichoka.

Baadaye utafiti ukaonyesha kwamba bakteria hawasambai sawasawa kwenye shina lote. Unaweza kukata mgomba ule mmoja unaoumwa, usawa wa ardhi, ukauacha mwingine uendelee, mradi urudie kukagua na kijiji kizima kifanye hivyo. Ua dume unalivunja kwa kijiti chenye panda, na panga unalipitisha motoni. Uganda, pale Kawanda, mwaka 2010 walianza kujaribu shambani migomba yenye jeni za pilipili hoho zinazoharakisha ile kinga ya seli kujiua. Matokeo ya 2014 yalionyesha baadhi haikuugua kabisa.

Nilipomweleza bibi habari ya kukata mmoja mmoja, alinyamaza kidogo, akasema, "Mjukuu wangu, kwa hiyo wale wengine hawakuwa na kosa?"

Sikuwa na jibu. Wewe ungemjibu nini?