Sisi Ndio Tulifundisha NGO Kuhesabu. Mbona Majibu Hayaturudii?

Wasee, siku ukipanda matatu kutoka Kisumu mjini ukapita hapa kwetu Nyamasaria kuelekea Ahero, angalia vibao vya miradi. Vingine vimepauka hadi jina la mfadhili halisomeki. Mradi wa maji, mradi wa vijana, mradi wa nini sijui. Kibao kitakuambia nani alitoa pesa. Hakikuambii kama kitu chenyewe kilifanya kazi.

Leo nataka tupige stori kuhusu historia ya hilo swali moja: je, ilifanya kazi? Watu wa ofisini wanaliita ufuatiliaji na tathmini, na likitamkwa hivyo kila mtu anasinzia. Lakini sehemu kubwa ya akili ya hii kazi ilipatikana huku kwetu, kati ya Busia, Siaya na fuo za ziwa. Geneva na New York walikuja kujifunza baadaye. Hakuna mtu alinifundisha haya darasani. (Niliacha chuo mwaka wa pili, labda walikuwa wameyaweka mwaka wa tatu.)

Tuanze Busia, miaka ya 90. Kuna Mmarekani anaitwa Michael Kremer, ambaye miaka ya 80 alikuwa amefundisha shule ya upili Kakamega, na sasa ni mwanauchumi amerudi kusalimia. Rafiki yake anafanya kazi na shirika la Kiholanzi, ICS, na shirika linataka kuchagua shule 7 za kusaidia. Kremer anamwambia: chagua 14, halafu kura iamue zipi 7 zianze. Zile zingine zitakuonyesha mambo yangekuwaje bila wewe.

Ni hivyo tu. Hesabu yake hata mtoto wa darasa la sita anaielewa. Kabla ya hapo mashirika mengi yalikuwa yanapima kabla, yanapima baada, na tofauti yote yanaiita kazi yao. Mvua ikinyesha vizuri mwaka huo, hongera kwa mradi.

Halafu wakaanza kupima vitu ambavyo kila mtu alikuwa na uhakika navyo. Vitabu, kwa mfano. Nani atabisha kwamba mtoto akipewa kitabu atapita mtihani? Wakachukua shule 100, wakazigawanya makundi, 25 zikapata vitabu kuanzia 1996 na zingine zikangoja zamu. Matokeo: alama za wastani hazikupanda. Waliofaidika ni wale watoto waliokuwa mbele tangu mwanzo. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, ambacho kwa wengi wao ni lugha ya tatu, na silabasi ilikuwa imeshonewa mtoto mwingine kabisa. Hebu fikiria wewe ndiye shirika. Umenunua vitabu, umepiga picha watoto wakiwa wamevishika, halafu mtu anakuambia hivyo. Wengi wangefungia hiyo ripoti kwenye droo. ICS walikubali ijulikane, na mimi heshima yangu kwao inaanzia hapo.

Ila stori ninayoipenda zaidi ni ya chati, zile kubwa za kufundishia zinazotundikwa mbele ya darasa. Kwanza watafiti walilinganisha shule zilizokuwa na chati tayari na zile ambazo hazikuwa nazo. Wenye chati walikuwa wanafanya vizuri zaidi. Bingo, si ndiyo? Kisha wakatoa chati kwa mtindo wa ile kura ya Busia. Hakuna tofauti yoyote. Shule iliyokuwa na chati tangu mwanzo pengine pia ilikuwa na mwalimu mkuu mkali, na wazazi wenye uwezo kidogo. Chati ilikuwa inasifiwa kwa kazi ya wengine. Kitu kilekile, watoto wa eneo lilelile, ukipima vibaya unapata ndiyo, ukipima vizuri unapata hapana. Niambie ni ripoti ngapi za kurasa 80 ziko huko nje zinasifu chati.

Mwaka wa 1998 wakaingia kwa dawa za minyoo, shule 75. Utoro ulishuka kwa robo. Alama za mtihani hazikupanda, na walisema hivyo. Mwaka wa 2009 serikali ya Kenya ikaanza kutoa dawa za minyoo shuleni kitaifa, na mwaka wa 2019 Kremer akapata Nobel ya uchumi pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo. Katikati, mwaka wa 2015, watafiti wengine walipewa data yote ya minyoo wakairudia hesabu, wakakuta makosa kadhaa, na ugomvi ukawa mkubwa. Wengine wanaona hiyo ilikuwa aibu. Mimi naona hapo ndipo mfumo ulikuwa unafanya kazi: mtu asiyekupenda amepewa daftari lako akague.

Sasa tushuke ziwani. Katika miaka hiyohiyo ya 90, Asembo na Gem, vijiji vilipigiwa kura vilevile kupata neti zenye dawa ya mbu. Neti zilipunguza vifo vya watoto wadogo, na ushahidi huo ulisaidia kuzieneza Afrika nzima. Poa sana. Lakini mwaka wa 2008 watafiti walichapisha walichokuta kwenye vijiji 7 vya wavuvi ufuoni mwa Ziwa Victoria: neti 283 zikitumika kuanika samaki, 239 kati yake zikiwa zile zenye dawa ya kudumu. Neti 72 pia zilikuwa zinavua samaki. Wenyewe walieleza bila kuficha: neti ni bure au bei ya chini, na samaki wanakauka haraka.

Usicheke wavuvi. Kama umewahi kuanika omena chini wakajaa mchanga, unaelewa. Shida ni kwamba kwenye ripoti ya shirika kubwa kila moja ya hizo neti inaweza kuandikwa "imegawanywa", na hiyo ndiyo hesabu mfadhili anaiona. Kuhesabu ulichotoa kwenye lori ni rahisi. Kuhesabu nani amelala chini yake usiku kunataka mtu aende nyumbani kwa watu, arudi, na arudi tena.

Basi tuende Sauri, karibu na Yala, hapo Siaya. Hapa nina maneno. Mwaka wa 2004 Jeffrey Sachs na wenzake walianza kijiji cha kwanza cha Mradi wa Vijiji vya Milenia: mbolea, mbegu, neti, kliniki, chakula shuleni, vyote kwa pamoja. Angelina Jolie alikuja, MTV wakaonyesha mwaka wa 2005. Mradi ukasambaa nchi 10. Na pamoja na wasomi wote hao, hawakuweka tangu mwanzo vijiji vya kulinganisha kwa kura. Hiyo ni miaka kadhaa baada ya Busia kuonyesha njia, na kutoka Sauri hadi Busia si mbali!

Ikawauma. Mwaka wa 2010 Michael Clemens na Gabriel Demombynes waliuliza swali dogo. Mnasema simu za mkononi zimeongezeka Sauri? Zimeongezeka Nyanza yote, Kenya yote. Mradi umechangia nini hapo? Mwaka wa 2012 mradi ukachapisha kwenye jarida la Lancet kwamba vifo vya watoto vilishuka mara tatu kwa kasi kuliko vijijini kitaifa. Wakosoaji wakarudia hesabu, wakakuta kosa, na dai hilo likaondolewa mwaka huohuo. Mradi ulifungwa 2015. Tathmini ya mwisho, ya 2018, ililazimika kutafuta vijiji vya kulinganisha baada ya kazi kuisha, na ilikuta mazuri mengi: matokeo 30 kati ya 40 yaliegemea upande wa mradi. Lakini theluthi moja tu ya malengo ndiyo ilifikiwa, na kwa umaskini unaopimwa kwa matumizi ya nyumbani hakukuwa na tofauti ya kueleweka. Kwa hivyo Sauri haikuwa bure. Ni vile tu, miaka 10 watu walibishana kuhusu kitu ambacho kura ya siku moja ingerahisisha.

Najua utaniuliza: kwa hivyo sisi tulikuwa panya wa maabara? Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba pesa hazikuwa zinatosha wote siku moja, kwa hivyo kura ni haki zaidi kuliko binamu ya chifu kuanza. Lakini anayengoja ana haki ya kujua anangoja nini, na matokeo yalikuwaje.

Hapo ndipo mimi nina kinyongo. Baada ya kuacha chuo nilifanya kazi ya kukusanya data, shirika nisilolitaja. Unapewa tableti, nauli na fulana. Unamuuliza mtu ana mbuzi wangapi, paa ni la mabati au nyasi, alikula nini siku 7 zilizopita. Saa mbili. Kuna dani mmoja alinijibu yote, kisha akaniuliza, "Nyakwara, wale wa mwaka jana waliuliza hivihivi. Walipata nini?" Nilimpigia msimamizi wangu. Akasema hilo haliko kwenye fomu.

Kwenye bajeti kulikuwa na pesa za tableti, za magari, za warsha hotelini. Pesa za kurudi kwa dani na karatasi moja ya Dholuo na Kiswahili hazikuwepo. Kama kuna kitu kimoja mashirika makubwa yanafaa kurekebisha leo, si programu mpya ya data. Ni baraza moja, chini ya mti, kabla ripoti haijaenda kwa mfadhili, watu waseme, "Hapo mmekosea, hizo neti tunaanikia samaki." Ingeokoa pesa nyingi kuliko nauli ya mshauri kutoka nje.

Na hii kazi haijaisha. Wale watoto wa minyoo wa 1998, watafiti bado wanawafuata. Wengi walishahama Busia wakaenda Nairobi, Uganda, hata huku mjini kwetu, na wanatafutwa hukohuko, mmoja mmoja, kuulizwa wanapata pesa ngapi, wanakula nini. Wengine sasa ni wazazi. Siku hizi na watoto wao wanahesabiwa.