Vumbi Kabla ya Mvua: Upepo, Paa na Mpaka wa Busia na Tororo

Wanafunzi wa historia tumezoea kuanza habari za mpaka wa Kenya na Uganda na mwaka 1902, Waingereza walipoutoa Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuutia katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Baada ya hapo Wasamia na Wateso wakajikuta wana ndugu katika nchi mbili. Insha hii inaurudia mpaka huo kupitia kitu kisichobeba pasipoti, yaani upepo.

Mtu aliyekulia Busia au Tororo anaujua mpangilio wake. Mwisho wa kiangazi, alasiri, wingu jeusi husimama. Ndani yake hewa iliyopozwa na mvua huporomoka, ikagonga ardhi na kusambaa kwa kasi mbele ya mvua yenyewe. Hivyo ukuta wa vumbi jekundu hufika kwanza, na mvua hufuata baada ya dakika chache. Dakika hizo ndizo za kujiokoa. Mwenye bodaboda hutoka barabarani kabisa, maana dereva wa lori nyuma yake haoni kitu. Mchuuzi huacha mwavuli na meza. Mvuvi wa Majanji au Sio Port aliyeliona wingu mapema huwa ameshageuza mtumbwi. Chini ya mwembe si mahali pa kujificha, kwa sababu ya matawi na kwa sababu ya radi.

Lakini kwa nini upepo uleule umekuwa mharibifu zaidi? Jibu langu ni paa. Nyumba ya zamani ya eneo hili ilikuwa ya mviringo, paa lake la nyasi likiwa zito na lenye kupenyeza hewa, na upepo uliizunguka. Reli ilipopita Tororo kuelekea Jinja mwishoni mwa miaka ya 1920, mizigo kutoka pwani ikafika kwa urahisi, mabati yakiwemo. Bati halivuji wala halihitaji kuezekwa upya kila baada ya misimu michache, na lilikuwa heshima ya mwenye nyumba. Sitaki kuwalaumu wazee walioliuza zao la pamba ili walinunue. Ila bati ni jepesi, na upepo ukiingia chini ya baraza hulinyanyua. Likishang'oka ni panga linaloruka.

Hatari hiyo imekuwa kubwa zaidi shuleni. Elimu ya msingi bila malipo ilianza Uganda mwaka 1997 na Kenya mwaka 2003, watoto wakafurika, na madarasa yakahitajika upesi. Darasa ni chumba kirefu chenye paa pana, na mara nyingi halina miti ya kulikinga. Mbao za paa zikipigiliwa misumari tu juu ya ukuta, bila kufungwa kwa waya au vyuma vilivyozama ndani ya ukuta, paa zima huondoka kwa mkupuo mmoja. Kufunga huko ni gharama ndogo ukilinganisha na kuezeka upya, achilia mbali watoto waliomo.

Kuna upande wa pili wa historia hii, ambao ni tahadhari. Zamani hali ya hewa ya Kenya, Uganda na Tanganyika iliangaliwa na idara moja yenye makao Nairobi, na baadaye idara hiyo ikawa chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tororo imepata umaarufu duniani kwa ngurumo: wastani wa siku 251 kwa mwaka, hesabu ya miaka 10 kuanzia 1967 hadi 1976. Tuzitazame tarehe hizo. Jumuiya iliundwa 1967 ikavunjika 1977. Takwimu mashuhuri kuliko zote za mji huo ni za muongo uleule ambao nchi zetu zilihesabu ngurumo pamoja. Baada ya hapo kila nchi ikabaki na idara yake.

Siku hizi Busia kuna kituo cha pamoja cha mpaka, kilichozinduliwa rasmi Februari 2018, ambamo maofisa wa nchi mbili hukagua mizigo katika jengo moja. Utabiri wa dhoruba, hata hivyo, upande wa mashariki wa barabara hutoka Nairobi na upande wa magharibi hutoka Kampala, na Msamia mwenye shamba huku na mama mkwe kule husikiliza redio mbili.